Sauti Ndani ya Gari: Kijitabu cha Familia Zinazosafiri Jangwani Arizona na Utah

Kimeandikwa kwa ajili ya nani

Phoenix, Tucson na Salt Lake City zina familia nyingi ambazo lugha yao ya nyumbani ni Kiswahili. Wengi walitoka Kongo, wakapitia kambini Tanzania, Burundi, Uganda au Kenya, kisha wakahamishiwa Marekani. Tunaishi mwendo wa saa chache tu kutoka makorongo ambayo watu huvuka bahari kuja kuyaona, lakini bado wapo wazee wetu ambao hawajui njia nyingine zaidi ya ile ya hospitali na ile ya kanisani au msikitini. Basi la watalii ni ghali kwa familia ya watu saba, mwongozaji huongea Kiingereza kwa kasi, na mtoto mdogo hasubiri ratiba ya kundi.

Ziara ya sauti inaondoa sehemu kubwa ya vikwazo hivyo. Mnasafiri kwa gari lenu, mnaondoka saa mnayotaka, mnasimama mnapotaka, na simu inawasimulia habari za mahali mlipo kupitia spika za gari. Gharama yake mara nyingi ni moja kwa gari zima, si kwa kichwa. Sisi tunaipenda na tunataka muitumie. Lakini tunataka pia mjue mipaka yake, kwa sababu sauti hiyo ilirekodiwa zamani, na jangwa halikai lilivyokuwa jana.

Simu inajuaje mlipo?

Setilaiti za GPS huzunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, zikituma ishara usiku na mchana. Simu ikinasa ishara za setilaiti nne, inakokotoa yenyewe mahali ilipo. Haihitaji mnara wa simu wala bando. Waliotengeneza ziara wamechora kwenye ramani miduara isiyoonekana kando ya barabara, na gari likiingia kwenye mduara, simulizi ya hapo inaanza bila mtu kugusa kitu.

Kinachohitaji intaneti ni kupakua, basi. Pakueni sauti na ramani mkiwa nyumbani, kwa sababu ukishatoka nje ya miji mikubwa unaweza kwenda saa nzima bila mtandao. Kabla ya kulala, zima data na Wi-Fi, fungua programu, cheza simulizi mbili au tatu. Zikicheza, mko tayari. Zikigoma, afadhali mjue mkiwa bado sebuleni.

Angalieni pia ziara inaanzia wapi. Nyingi zimepangwa kwa mwelekeo mmoja, na mkianzia upande wa pili mtasikia mwisho wa hadithi kabla ya mwanzo wake. Mkienda kasi kupita kiasi, simulizi moja itakatwa na nyingine. Chini ya magenge marefu ishara hugonga miamba na kurudi, hivyo alama ya gari kwenye ramani inaweza kuruka huku na huko. Katika handaki la Zion–Mount Carmel huko Utah, lililokamilika mwaka 1930 na lenye urefu wa karibu kilomita 1.8, ishara hupotea kabisa. Msihangaike. Mkitoka upande wa pili, simu itajipata tena.

Dereva asiiguse simu hiyo. Arizona imekuwa ikiwatoza faini madereva wanaoshika simu wakiendesha tangu tarehe 1 Januari 2021, na Utah nayo ina sheria yake. Zaidi ya faini, barabara hizi zina kona kali, hazina kingo za chuma kila mahali, na jioni paa wakubwa huvuka bila kutazama. Mchagueni mtu mmoja awe mshika simu tangu mnapoondoka. Simu yenyewe isiachwe juu ya dashibodi penye jua, kwa sababu ikipata joto kali itajizima. Iwekeni karibu na tundu la hewa baridi, ikiwa imechomekwa kwenye chaja.

Bibi naye asikie

Simulizi nyingi ni za Kiingereza. Hapa ndipo vijana wetu wanapokuwa na kazi ya maana, na tunaomba wazazi waichukulie kwa uzito. Kijana anayeelewa Kiingereza vizuri asikilize ziara usiku wa kuamkia safari, aandike mambo mawili au matatu ya kila kituo, kisha barabarani amsimulie bibi au babu kwa Kiswahili. Kutafsiri neno kwa neno gari likiwa linakwenda hakufai, kwa maana sauti haisubiri, na dereva anasikia watu wawili kwa wakati mmoja. Ni vizuri zaidi kusikiliza njiani, kufika kwenye maegesho, kuzima sauti, kushuka, na kusimulia huku mnakiona kile kinachosimuliwa.

Wazee watauliza ambayo sauti haikuyagusa. Watu wa hapa walipata wapi maji? Walilima nini? Walihama kwa nini? Maswali hayo mara nyingi ni bora kuliko simulizi yenyewe, na askari wa hifadhi waliopo kwenye vituo vya wageni hufurahi kuyajibu.

Mfano: barabara ya Desert View, Grand Canyon

Kwa familia inayoanza, tunapendekeza barabara hii ya ukingo wa kusini. Ina urefu wa kilomita 40 hivi, ni ya lami, na vituo vyake vingi vina maegesho ya kutosha. (Barabara ya Hermit, upande wa magharibi, hufungiwa magari binafsi kuanzia Machi hadi Novemba, na badala yake kuna mabasi ya bure ya hifadhi. Sauti inaweza kuwaelekeza huko kana kwamba njia iko wazi. Fuateni kibao.)

Ukingo huu uko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Anayetoka Phoenix na fulana moja mwezi wa Januari atakuta theluji, na anayekimbia kuwahi picha atashangaa pumzi zinavyomwisha mapema.

Simameni Lipan Point kuliko kwingine kokote. Kutoka hapo Mto Colorado unaonekana vizuri kabisa, chini kiasi cha kilomita moja na nusu. Mwamba mliosimama juu yake ni chokaa iliyotandazwa chini ya bahari miaka milioni 270 iliyopita, na ndani yake yamo mabaki ya viumbe wa baharini. Miamba myeusi ya chini kabisa ya korongo ina umri wa miaka bilioni 1.7 hivi. Mto ulikuja baadaye sana, ukachimba. Mwambieni mtoto atazame tabaka moja moja kutoka juu kwenda chini, kila rangi ikiwa ni nchi nyingine iliyokuwa hapa: bahari, matuta ya mchanga, ufuo, kinamasi. Sauti itasema haya kwa dakika mbili. Ninyi kaeni nusu saa.

Kabla ya kufika mwisho kuna magofu ya Tusayan, mabaki ya kijiji kidogo kilichojengwa karibu mwaka 1185. Kuta zimebaki kimo cha goti. Waliokaa hapo walilima mahindi, maharage na maboga kwa kutegemea mvua na theluji, kwenye ukingo ambao hauna mto wala chemchemi ya karibu, na kijiji hakikukaliwa muda mrefu. Mzee aliyelima mahindi na maharage Kivu au Kigoma ataona haraka kuliko mtalii yeyote ugumu wa kazi ile. Mpeni nafasi aseme.

Mwisho wa barabara ni mnara wa mawe wa Desert View, wenye urefu wa mita 21. Ulibuniwa na Mary Colter na kukamilika mwaka 1932, na michoro ya ndani ilifanywa na Fred Kabotie, msanii wa watu wa Hopi. Kutoka upande huu pia huonekana eneo ambako ndege mbili za abiria ziligongana angani tarehe 30 Juni 1956 na kuua watu wote 128. Ajali hiyo ilisukuma Marekani kuunda mamlaka mpya ya usafiri wa anga mwaka 1958. Hayo pia ni ya kuwaeleza vijana, maana makaburi ya baadhi ya waliokufa yako Flagstaff na ndani ya hifadhi yenyewe.

Maji yanayotoka mbali

Tarehe 12 Agosti 1997 watalii 11 walikufa katika Antelope Canyon, karibu na mji wa Page. Mvua iliyowaua ilinyesha kilomita nyingi juu ya bonde. Pale walipokuwa wao haikuwa mvua ya kutisha. Udongo mkavu na mwamba havinywi maji, kwa hiyo mvua ya saa moja hukusanyika kwenye mkondo mwembamba na kushuka kama ukuta, ikibeba magogo na mawe. Tangu hapo hakuna anayeingia korongo lile bila mwongozaji.

Msimu wa mvua hizi katika Arizona ni kati ya katikati ya Juni na mwisho wa Septemba. Mkiona maji yanavuka barabara, hata kama yanaonekana ya kina kidogo, na hata kama sauti inasema kituo kinachofuata kiko ng'ambo, geuzeni gari. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kubeba gari dogo, na sentimita 60 huondoa magari mengi, yakiwemo makubwa. Arizona ina sheria inayoweza kumtoza gharama za uokoaji dereva aliyezunguka kizuizi na kuingia majini.

Joto linaua zaidi kimyakimya. Bebeni lita 4 za maji kwa kila mtu kwa siku, na msimwache mtoto au mzee ndani ya gari hata kwa dakika moja ya kwenda kupiga picha. Jazeni tangi kila mnapopata kituo cha mafuta. Kwenye barabara kuu ya I-70 huko Utah, kati ya Salina na Green River, ni zaidi ya kilomita 160 bila kituo hata kimoja. Wanaofika Death Valley, California, wajue kwamba hifadhi yenyewe huwaonya wageni wasitegemee ramani ya simu peke yake, maana huonyesha njia za zamani zisizopitika. Chukueni ramani ya karatasi mlangoni.

Nchi ina wenyewe

Ukitoka Desert View kwenda mashariki unaingia nchi ya Wanavajo, ambao wenyewe hujiita Diné. Eneo lao ni kilomita za mraba 70,000 hivi, kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa, na wana serikali, polisi na mahakama zao. Monument Valley imekuwa hifadhi yao tangu 1958. Kadi ya mwaka ya hifadhi za taifa haikubaliki huko, mnalipa kwao, na hiyo ni haki. Barabara ya ndani ni ya vumbi, kilomita 27, yenye mashimo ambayo gari la chini litayagusa. Ardhi ya Wanavajo hairuhusu pombe, hata ikiwa imefungwa kwenye buti la gari. Usimpige mtu picha wala nyumba yake bila kuomba.

Saa nazo zinachanganya. Arizona haisogezi saa wakati wa kiangazi, Wanavajo wanasogeza, na Wahopi, ambao nchi yao imezungukwa na ya Wanavajo, hawasogezi. Simu itabadilika yenyewe njiani. Mkiwa na miadi, ulizeni ni kwa saa ya nani.

Michoro ya kale kwenye miamba msiiguse, kwani mafuta ya vidole huiharibu. Na huko Utah, udongo mweusi wenye vipele kando ya njia ni hai. Viumbe wadogo sana wameushikanisha usipeperushwe na upepo, na ukikanyagwa huchukua miaka mingi kupona. Tembeeni kwenye njia au juu ya mwamba.

Si kila ziara ya sauti inawapa wenyeji nafasi ya kuongea. Mkichagua, tafuteni ile ambayo Mnavajo au Mhopi anasimulia habari zake kwa kinywa chake. Sisi tuliosimuliwa na wengine kwa muda mrefu tunajua tofauti yake.

Gari likiharibika

Wekeni gari nje ya lami, washeni taa za tahadhari, inueni boneti. Kaeni karibu na gari, kwenye kivuli chake, kwa sababu gari huonekana kutoka mbali kuliko mtu anayetembea. Pigeni 911 hata kama simu haionyeshi mtandao wenu, kwani simu hiyo inaweza kupita kwenye mnara wa kampuni nyingine. Mkipokelewa, semeni “Swahili” ili watafute mkalimani, kisha tajeni namba ya barabara na namba ya kibao cha maili mlichopita mwisho. Mshika simu awe anaviandika vibao hivyo safari nzima. Na kabla hamjaondoka nyumbani, mwacheni ndugu mmoja mjini akiwa na majina ya barabara mnazopita na saa mtakayorudi, ili msipofika ajue pa kuwatuma watu kuwatafuta.