Kompyuta mpya ya chama: nianzie wapi?

SWALI: Mtaalamu, mimi ni katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba hapa Mhunze, Kishapu. Tumenunua kompyuta mpakato mpya. Ya zamani, yenye Windows 10, ina orodha ya wanachama na malipo yao. Nizihamisheje taarifa hizo bila kuzipoteza?

JIBU: Hongera, ndugu katibu. Mmefanya vyema, kwani Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Kabla ya kugusa mafaili, unganisha kompyuta mpya na intaneti, usasishe mfumo wake wote. Andaa bando la kutosha, maana masasisho ya kwanza hula data nyingi. Weka nywila ndefu na uwashe kinga ya virusi ya Microsoft Defender.

Kisha nakili mafaili kutoka kompyuta ya zamani kwenye diski ya nje; usiyakate. Usitumie flashi inayozunguka steshenari, kwani huko ndiko virusi vinakoenea. Ikague diski kwa kinga hiyo, nakili mafaili kwenye kompyuta mpya, halafu fungua mafaili kadhaa uhakikishe yanasomeka.

Washa usimbaji wa diski ya kompyuta mpya, ili mwizi asisome kitu. Chapisha ufunguo wake wa dharura na uufungie kabatini.

Baki na nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski iliyo katika jengo jingine, na mtandaoni. Futa kabisa mafaili yote ya kompyuta ya zamani kabla ya kuiuza. Taarifa za wanachama zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ni amana mliyokabidhiwa.