Tumbo la Jiwe: Mafunzo Niliyopata Kundelungu

Nimezaliwa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Wadudu wa maji niliowajua utotoni ni wale wa mfereji: viluwiluwi vya mbu, na vile vibuu vyekundu, vyembamba kama uzi, vinavyojinyonganyonga kwenye tope. Nilipochukuliwa kubeba nyavu na chupa za watafiti katika Hifadhi ya Taifa ya Kundelungu, ndipo nilipoanza kujifunza upya.

1. Jiwe moja ni mtaa mzima

Ukilitoa jiwe kwenye maji yaendayo kasi, ligeuze upesi utazame tumboni mwake. Mara ya kwanza nilimwona mdudu bapa, mwenye mikia mitatu, akinyiririka kwa ubavu kuukimbia mwanga. Karibu naye alikuwapo mwingine wa mikia miwili, ana matamvua kama vishungi vya manyoya makwapani. Huyo ni Neoperla, mwindaji. Pembeni palikuwa na nyavu ndogo za hariri, ambazo ndani ya maji hutanuka na kunasa kila kinacholetwa na mkondo, lakini nje hunywea zikafanana na kamasi tu. Nilikaribia kuzipangusa kwa kidole.

Hatua tatu kando yake, kwenye kidimbwi kilichotulia, hao wote hawakuwapo. Wenyeji wa pale walikuwa watoto wa kereng'ende, wamejifukia kwenye majani yaliyooza. Tangu siku hiyo, anayezamisha wavu mara moja na kutangaza kwamba kijito hakina wadudu simsadiki. Mawe yapimwe peke yake, majani peke yake, mchanga na tope peke yake.

2. Mushitu ni jiko la kijito

Ndani ya mushitu, msitu ule wa bondeni penye unyevu, jua halifiki majini. Chakula kinaanguka kutoka juu: majani. Kuvu huyalainisha kwanza, kisha wadudu huyatafuna. Ukitoka ukapanda kwenye uwanda wa nyasi, mambo yanageuka. Jua linapiga mawe, utelezi wa kijani unaota, na wadudu wenye kuukwangua ndio wanaoneemeka. Halafu kuna maporomoko ya Lofoi, zaidi ya mita 300, juu baridi ya uwanda, chini joto la bonde la Lufira. Samaki hawezi kuupanda ukuta ule. Mdudu akishaota mabawa, anaweza.

3. Andika kwa penseli

Niliandika lebo za siku nzima kwa kalamu ya wino nikazitia chupani. Spiriti ya kuhifadhia wadudu iliufuta wino wote. Wadudu walikuwa salama, lakini mdudu asiyejulikana ametoka wapi hasemi lolote juu ya mtawanyiko wa aina yake. Iliniuma sana.

4. Kila mdudu ana alama zake

Afrika Kusini wametunga kipimo cha kuusoma mto kwa wadudu wake, SASS. Katika toleo la tano la mwaka 2002, familia ya Neoperla inapewa alama 12, ya yule bapa 13, na ya vibuu vyekundu 2 tu. Wekundu wao ni himoglobini, inayowawezesha kuishi penye oksijeni haba. Hapo ndipo nilipouelewa mfereji wa kwetu.

5. Maji hayajui mpaka

Hifadhi ya Taifa ya Upemba ilitengwa mwaka 1939, Kundelungu 1970. Msafara wa mtafiti G. F. de Witte uliokusanya viumbe Upemba kati ya 1946 na 1949 umetuachia kitu cha kulinganisha nacho, na ni hazina. Lakini kijito huanza kinakoanzia, hata kama ni nje ya mpaka wa hifadhi. Kimoja ninachokifahamu, miti ya chanzo chake ilikatwa kwa ajili ya makala, ndivyo tunavyouita mkaa hapa, na mvua za Novemba zikashusha udongo. Kiangazi kilichofuata niliyageuza mawe niliyoyazoea. Yalibanduka kwa shida, tope likiyavuta, na chini yake kote kumezibwa, hakuna upenyo wa mdudu bapa kupita. Katika sinia jeupe niliona vibuu vyekundu, wale wale wa nyumbani.