Oili ya Gia Inaliwa Wapi?

SWALI: Yamaha DT125 ya marehemu baba, ya miaka ya 1970, inatoa moshi mweupe mzito. Oili ya giaboksi inapungua lakini chini hakuna hata tone. Fundi anataka kubadilisha ringi. Nikubali?

JIBU: Usitoe hela bado. Katika injini ya stroku mbili, chumba cha krenki huvuta na kusukuma mchanganyiko wa petroli na hewa, kwa hiyo ni lazima kizibwe kabisa. Sili ya krenki upande wa klachi ikichoka, chumba hicho hunyonya oili ya gia na injini huichoma. Huyo ndiye mshukiwa wangu.

Mpime hivi. Ziba njia ya kabureta na ya ekzosi kwa raba, shusha pistoni hadi chini, kisha jaza upepo kupitia tundu la plagi kwa pampu ya mkono, psi 6 tu. Kompresa ya matairi itang'oa sili. Sindano ya geji ya pampu ikishuka ndani ya dakika chache, paka povu la sabuni chini ya silinda na nyuma ya sumaku. Povu likitulia lakini upepo ukatokea kwenye tundu la kujazia oili ya gia, umempata.

Badilisha sili zote mbili. Ile ya upande wa sumaku ikivuja haitoi moshi. Huingiza hewa, injini ikalia juu yenyewe na pistoni ikaungua. Na silikoni juu ya sili kuukuu? Hapana.