Kahawa ya Kuloweka katika Joto la Pwani

Sisi watu wa Pwani kahawa tumeizoea ya moto, chungu, itokayo katika dele juu ya makaa na kumiminwa katika vikombe vidogo visivyo mikono, ikanywewa barazani pamoja na kashata. Wala sina nia ya kumtoa mtu katika ada hiyo njema, kwani hata mimi jioni siiachi. Lakini mchana wa Kaskazi, jua linapokuwa la utosi na shati limegandamana na mgongo, ipo kahawa nyingine istahiliyo nafasi nyumbani, nayo ni ile isiyoonja moto tangu kusagwa hata kunywewa, bali hulowekwa katika maji baridi usiku kucha, kisha ikachujwa.

Isidhaniwe kuwa ni kahawa ya moto iliyotiwa barafu. Maji yachemkayo huyatoa yaliyomo katika buni kwa dakika chache, mazuri na makali kwa pamoja, ilhali maji baridi huifanya kazi hiyo kwa saa nyingi na kuacha nyuma sehemu ya ukali na uchungu. Na haki isemwe, huacha pia sehemu ya ile harufu inayojaza nyumba. Aipendaye kahawa kwa harufu ataona upungufu. Apendaye ulaini wa ladha atafurahi.

Mimi hutumia arabika ya Kilimanjaro, iliyoanza kupandwa na wamisionari wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19, ikiwa imekaangwa kiasi, haijafikia weusi wa kutoa mafuta. Robusta ya Bukoba nayo yafaa, ila kafeini yake ni karibu maradufu, hivyo aitumiaye na apunguze kipimo. Kinu na mchi vyatosha, mradi mkono uwe mwepesi, buni ivunjike kama chenga za mchele, maana unga laini hupenya kitambaa na kuutia kinywaji mashapo.

Kwa gramu 100 za kahawa tia mililita 800 za maji yaliyochemshwa yakapoa kabisa. Hapo sina masihara, kwa kuwa kahawa hii haipiti motoni tena, na kijidudu kilichomo majini hakitapata wa kukiua. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na chumvi hiyo huonekana wazi katika kikombe. Afadhali ya mvua yaliyokingwa vizuri. Ukishamimina, utaona chenga zimeelea na kufanya tabaka nene la hudhurungi, juu limelowa, ndani bado ni kavu. Lizamishe taratibu kwa mwiko wa mti, ungoje kidogo, ulizamishe tena.

Maelekezo mengi yaliyoandikwa katika nchi za baridi husema chombo kiachwe mezani kwa saa 12 au zaidi. Chumba chao huwa na nyuzi 20 hivi, na chetu mwezi wa Machi aghalabu hupita 28, joto ambalo huharakisha uchungu na kuwastawisha vijidudu. Kwa hiyo weka chombo katika jokofu, kimefunikwa, na muda uurefushe: mimi huloweka saa 2 usiku nikachuja saa 8 mchana wa kesho yake. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, ni heri kuichuja mapema.

Chuja kwanza kwa chujio la chai, halafu kwa melimeli safi iliyokunjwa mara mbili, wala usikamue. Iache idondoke yenyewe, ijapokuwa yachosha kungoja. Kinachopatikana ni kizito, cha kuchanganywa na maji sawa kwa sawa, ndipo barafu ifuate. Iliki 3 zilizopasuliwa, zikilowekwa pamoja na kahawa, huirudishia sehemu ya harufu iliyopotea. Sukari ya kawaida haiyeyuki upesi katika baridi, basi tengeneza shira. Iliyobaki, kabla ya kuzimuliwa, hukaa jokofuni hadi wiki moja.

Mgeni akikujia adhuhuri, mpe kwanza kikombe kisichotiwa utamu, aionje kahawa yenyewe, kisha umsogezee shira.