Je, Paka wa Nyumbani Anaweza Kuzaa na Paka Pori?

Leo tuzungumze habari za paka. Vijijini watu hubishana sana juu ya jambo hili. Paka jike ametoweka siku kadhaa, kisha amerudi na mimba. Anazaa watoto wenye miguu mirefu na pete nyeusi mkiani. Mmoja anasema, "Baba yao ni paka pori hawa." Mwingine anacheka, "Wapi! Mnyama wa mwitu atazaaje na wa nyumbani?"

Basi, kwa paka pori jibu ni ndiyo. Wanazaana, na watoto wao nao huzaa. Sababu ni undugu. Mwaka 2007 wataalamu walitangaza matokeo ya kupima urithi wa paka 979, wa mwitu na wa nyumbani. Walikuta kuwa paka wa nyumbani, wawe wa Singida au wa Uingereza, asili yao ni paka pori wa Mashariki ya Kati, ambaye ni jamii moja na paka pori wetu wa Afrika. Wakulima wa kwanza wa huko waliweka nafaka ghalani, panya wakaja, na paka pori akawafuata panya. Kumbe ni ghala lililomleta paka nyumbani!

Mondo naye ni wa ukoo wa paka, lakini undugu wake ni wa mbali. Huko Marekani, mwaka 1986, mondo dume aliyefugwa alizaa na paka jike wa nyumbani. Lakini madume ya uzao wa namna hiyo huwa tasa kwa vizazi kadhaa, kama baghala, mtoto wa punda na farasi. Fungo na kanu si paka hata kidogo, ingawa wako watu wanaowaita hivyo. Na chui? Kwake paka ni kitoweo tu.

Sasa tuangalie paka shume, maana hapa wengi hukosea. Paka shume ni paka wa nyumbani aliyekimbilia porini, au aliyezaliwa huko na mama wa nyumbani. Anaweza kuwa mkali, lakini si paka pori. Paka pori mtamjua kwa miguu yake mirefu. Akikaa kitako husimama wima sana. Nyuma ya masikio ana wekundu kama udongo. Mkia ni mwembamba, una pete nyeusi na ncha nyeusi. Lakini chotara wengine hufanana naye mno, hata wataalamu huwatambua kwa kupima damu.

Mtauliza, kuna ubaya gani wakizaana? Tutazame Uskoti, kaskazini ya Uingereza. Kule paka pori walipungua kwa kuwindwa na kukatiwa misitu. Wachache waliobaki wakazaana na paka wa nyumbani, kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2019 wataalamu walisema waliosalia hawawezi tena kudumu bila msaada. Ikabidi wazalishwe kwenye mabanda, na mwaka 2023 wakaanza kurudishwa msituni. Hakuna aliyewaua wote. Walikuwa wanayeyuka tu, kama chumvi kwenye maji. Kwetu paka pori bado wapo, lakini kila shamba linaposogea porini, paka wetu nao wanasogea.

Tena paka wanapokutana hupigana na kuambukizana magonjwa. Kichaa cha mbwa kinampata paka pia, naye anaweza kumwambukiza mtu kwa kumng'ata. Kwa hiyo paka wako mpeleke akachanjwe pamoja na mbwa. Dume usiyemtaka azalishe, mwombe mtaalamu wa mifugo amhasi. Panya ataendelea kuwakamata vilevile, msiwe na wasiwasi. Na ukikuta watoto wa paka pori shambani waache hapo hapo, mama yao yuko mawindoni. Wakikua ni wakali, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kukamata mnyama wa porini bila kibali.

Swali la kujadili kikundini: Katika kijiji chenu kuna paka wangapi wasio na mwenyewe, na usiku wanakwenda wapi?