Kutambua Santuri Halisi na ya Bandia

Wimbo wa santuri huchongwa kwanza katika bamba laini la lakiri. Bamba hilo hupakwa nikeli kwa nguvu za umeme, na kutokana na tabaka hilo hupatikana kalibu za chuma, ambazo mifuo yake imegeuka kuwa matuta. Ndizo zinazokandamiza plastiki ya moto. Nambari za utambulisho huachwa katika ukanda usio na sauti, karibu na karatasi ya katikati. Mchunguzi na aanzie hapo, wala si kwenye jalada.

Chukua mfano wa Introducing… The Beatles, santuri iliyotolewa na kampuni ya Vee-Jay ya Chicago, Marekani, Januari 1964, ambayo imeghushiwa mno. Katika nakala halisi, jina la santuri na la bendi yote mawili yamepigwa juu ya tundu la katikati. Tundu likiyatenganisha, hiyo ni bandia. Jalada lililopigwa picha kutoka jalada jingine hufifia, na kivuli cha George Harrison huweza kupotea kabisa.

Mghushi asiye na utepe wa asili hulazimika kunakili sauti kutoka santuri nyingine. Hapo fizikia humwumbua, kwani mikwaruzo ya ile ya kwanza huhamia katika nakala. Santuri ikiisha kusafishwa, na mkwaruzo ukasikika mahali ambapo lenzi yaonyesha mfuo mzima, hiyo ni dalili nzito. Uzito, ambao wauzaji hupenda kuutaja, haufai kipimo: hata santuri halisi hutofautiana.