SOMO LA AFYA: JE, MWENYE BAISKELI NAYE APUNGUZE MWENDO?



Swali hili hurudi mara kwa mara hapa Nakivale: vibao vya mwendo barabarani vinawahusu wenye baiskeli, au ni vya magari na pikipiki tu? Mwenye baiskeli husema, "Sina injini, sina mita ya mwendo, na nikianguka naumia mimi." Mama anayengoja maji bombani na mtoto mgongoni ana jibu lingine.

Sheria za nchi hazifanani. Kule Uingereza vipimo vya mwendo vimewekwa kwa vyombo vyenye injini, kwa hiyo mwendesha baiskeli hashitakiwi kwa kuvipita. Lakini sheria yao ya mwaka 1988 inamshitaki akiendesha kwa hatari au bila uangalifu. Kibao hakimhusu, ila akimhatarisha mwenzake ana kosa.

Sisi wa afya tunatazama mwili, na mwili hauulizi kama kilichougonga kina injini. Ukigonga kitu ukiwa na mwendo wa kilomita 15 kwa saa, ni kama kuanguka kutoka urefu wa karibu mita moja. Ukiwa na kilomita 30, ni kama kuanguka kutoka mita 3 na nusu, yaani juu ya paa la nyumba. Mwendo umeongezeka mara mbili, kishindo kimeongezeka mara nne. Na kilomita 30 si nyingi: kwenye mteremko baiskeli huzifikia bila hata kukanyaga pedali. Mtoto akitokea ghafla, katika sekunde moja ya mshtuko umeshapita mita 8 kabla ya kushika breki.

Ongeza mzigo. Dumu moja (wengine tunasema bido) la lita 20 lina kilo 20. Madumu manne ni kilo 80, kama mwanaume mzima aliyekaa nyuma. Mvua ikinyesha ni vibaya zaidi, kwa sababu rimu ya chuma iliyolowa haishikwi vizuri na mpira wa breki. Wapo pia wanaofunga breki kwa kukanyaga tairi na kandambili. Hiyo si breki.

Je, tuweke kilomita ngapi? Mwaka 2020 mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm, Sweden, ulitoa tamko kwamba mahali watu na vyombo vinapochanganyika mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Kwa gari ni sawa. Kwa baiskeli yenye mzigo katikati ya foleni ya bomba, sisi tunaona 30 bado ni nyingi mno. Tena namba haisaidii mtu asiye na mita. Afadhali upime kwa miguu: penye bomba, shule, soko, kituo cha afya au ugawaji wa chakula, nenda mwendo wa mtu anayetembea, na kama ni mteremko, shuka usukume. Njia ikiwa tupu, uende kwa kadiri breki zako zinavyoweza kukusimamisha. Ndugu zetu wanaobeba abiria watasema abiria hulipa ili afike haraka. Tunawaelewa, lakini mguu uliovunjika hukaa bila kazi wiki nyingi.

Jambo lingine. Wengi wetu tulitoka Kongo, Burundi au Rwanda, ambako watu hupita kulia. Uganda hupita kushoto. Ukishtuka, mkono hukumbuka kwenu. Mwendo mdogo unakupa nafasi ya kujirekebisha.

Sasa majeraha, maana hapa ndipo wazazi hukosea. Mtoto aliyebebwa nyuma akiingiza mguu kwenye spoki, kisigino huchanika na mfupa huweza kuvunjika. Osha kwa maji safi, funga kitambaa safi, umlete siku hiyo hiyo. Anaweza kuhitaji chanjo ya pepopunda. Usipake majivu wala dawa ya meno. Aliyegongwa kichwa akitapika, akisinzia kupita kawaida, akiongea ovyo au akitokwa damu sikioni, mlete mara moja. Aliyeanguka vibaya na shingo inamuuma, msimwinue kwa kumvuta mikono. Alale, kichwa kisisogezwe, mwite mhudumu wa afya wa kijiji.

Linalofichika zaidi ni tumbo. Mtoto akianguka, ncha ya usukani humchoma tumboni. Huona alama ndogo tu ya duara, na mtoto anaendelea kucheza. Lakini ndani wengu, ini au utumbo huweza kuwa umepasuka, na maumivu huja baada ya saa kadhaa au hata kesho yake. Tumbo likiwa gumu, mtoto akikataa kula, akitapika, akipauka au akikojoa damu, usimpe dawa ya minyoo na usingoje kuche. Mlete usiku huo huo, na useme wazi kwamba alianguka na baiskeli.